Kigoma tuwe na umoja wa kunyonyesha kila mtaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nami nitoe langu la moyoni kuhusu kunyonyesha watoto hapa kwetu Kigoma. Najua Agosti ikikaribia magazeti yanaandika sana habari hizi manake tarehe 1 mpaka 7 ni Wiki ya Unyonyeshaji Duniani, imekuwepo tangu 1992, sasa mimi naandika mapema kabla mabango hayajatoka kwa sababu shida ninayoiona haimalizwi na bango wala na hotuba ya mgeni rasmi, inataka umoja wa watu wa mtaa wa kumsaidia mama anayenyonyesha.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kazi yangu kupita nyumba kwa nyumba huku Kibirizi, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika ambako wengi tunaishi kwa dagaa. Ninachokikuta ni kwamba karibu kila mama anajua. Ukimuuliza mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka lini anakujibu miezi sita bila kusita, anajua aanze kumnyonyesha ndani ya saa moja akishajifungua, anajua yale maziwa ya mwanzo ya njano, dang'a, hayakamuliwi yakamwagwa, kliniki wamemwambia na wakarudia. Halafu anarudi nyumbani. Wiki ya pili au ya tatu mtoto analia usiku kucha, bibi yupo hapo, jirani anasema huyo ana njaa maziwa yako mepesi, baba akirudi ziwani alfajiri amechoka anataka kulala, na mama mwenyewe hajalala siku nzima, hapo ndo kinapoingia kijiko cha maji ya uvuguvugu, kesho dawa ya mchango, wiki ijayo uji mwepesi. Hakuna aliyemtakia mtoto mabaya. Ila nesi aliyemfundisha hayupo na waliopo wote wanasema mpe.

Kitaifa tumesogea na nashukuru kwa hilo. Ule utafiti mkubwa wa afya ya mama na mtoto wa 2015/16 ulionyesha watoto wa chini ya miezi sita wanaonyonya maziwa ya mama peke yake ni asilimia 59, wa 2022 ukasema asilimia 64. Sawa, lakini maana yake zaidi ya mtoto mmoja kati ya watatu bado anapewa vingine mapema, na watoto waliodumaa nchini bado ni asilimia 30. Mimi naamini hiyo sehemu iliyobaki haipatikani kwa kuongeza semina za akina mama, inapatikana kwa kuwafuata wale wanaomzunguka mama.

Niseme kidogo kuhusu maji manake ndo yanaingia kwanza. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, kwa hiyo hata joto la huku kwetu likiwa kali vipi mtoto akinyonya kiu inakatika. Tumbo la mtoto mchanga ni dogo mno, ukilijaza maji atanyonya kidogo, akinyonya kidogo mwili wa mama unapata taarifa kwamba maziwa hayahitajiki unapunguza kutengeneza, baada ya siku kadhaa maziwa yanapungua kweli na yule jirani aliyesema hayatoshi anaonekana alisema ukweli. Na maji yenyewe ndo hayahaya ya ziwani, sisi watu wa mwambao tunakijua kipindupindu, tunakumbuka 2015 pale Kagunga walipofika wakimbizi kutoka Burundi. Mtu mzima akiharisha anakunywa ORS, ile dawa ya unga wa chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, anainuka, kichanga cha mwezi mmoja hana akiba hiyo.

Sasa ngoja nieleze kitu nilichokiona kwa macho yangu ndo mtaelewa kwa nini nasema umoja. Juzi kati nilimkuta binti mmoja, uzazi wake wa kwanza, mtoto bado mchanga kabisa, chuchu zimepasuka zinatoa damu, kila mtoto akishika yeye anauma meno machozi yanamtoka, na mama mkwe kakaa pembeni na kikombe cha maji ya sukari. Si kwamba mama mkwe ni mkorofi jamani, anaona mjukuu analia, mkwe wake anaumia, anatafuta njia. Nilikuwa nimeongozana na mama mmoja anauza dagaa mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa, amezaa na kulea, hana cheti chochote ila aliwahi kufundishwa kituo cha afya namna ya kumpakata mtoto. Akamwamkia mama mkwe kwanza, akaomba ruhusa, ndo akakaa karibu na binti.

Akamwambia, "Mwanangu hebu mgeuze, tumbo lake liguse tumbo lako, kichwa na mgongo vinyooke, usimfuate na ziwa, msubiri afungue mdomo wote ndo umlete yeye, kidevu kizame hapo, aingize na huu weusi asishike kichuchu peke yake." Mara ya kwanza mtoto akashika vibaya, binti akaruka, yule mama akamwonyesha kupenyeza kidole kwenye kona ya mdomo wa mtoto amwachishe bila kuvuta, wakaanza upya. Wakarudia tena. Halafu akashika, mashavu yamejaa, tukaanza kumsikia anameza. Binti akatuangalia akasema, "Mama, haivuti kama mwanzo." Mama mkwe akaweka kikombe chini akasogea kuangalia mdomo wa mjukuu wake, akauliza maswali mengi kuliko binti, na siku hizi yeye ndo anaitwa nyumba za jirani kwenda kuwaonyesha wenzie.

Kwangu huo ndo umoja wa kunyonyesha wenyewe, umepungukiwa mpangilio tu. Mama mwenzio aliyepitia, bibi aliyeelewa, na mhudumu anayejua lini mambo yamezidi aseme hapa twende kituoni, kwa mfano ziwa limevimba, limekuwa jekundu, na mama ana homa, hapo si pa kukanda na maji ya moto ukasubiri.

Na jambo hili limepimwa tayari, halijatoka kichwani kwangu. Jirani zetu Uganda, huko Mbale, walifanya utafiti pamoja na Burkina Faso na Afrika Kusini, matokeo yalitoka 2011, wakachukua akina mama wa kawaida wa hukohuko wakawafundisha wawe wanawatembelea wenzao nyumbani kuanzia ujauzito. Mtoto akifika wiki 12, kule Mbale waliotembelewa asilimia 82 walikuwa wananyonyesha maziwa peke yake, wasiotembelewa asilimia 44. Burkina Faso ilikuwa 79 kwa 35. Afrika Kusini hali ilikuwa ngumu, 10 kwa 6, na kule maziwa ya kopo yalikuwa yameshazoeleka mpaka serikali wakati ule ilikuwa inayagawa bure kwa akina mama wenye VVU. Mimi hapo nasoma mambo mawili, kwamba kutembeleana kunafanya kazi kubwa kabisa, na kwamba kopo likishaota mizizi mtaani mwenye kutembea nyumba kwa nyumba peke yake hatoboi, ndo maana lazima wawepo na watu wengine wenye sauti zao.

Nchi nyingine wameenda mbali. Marekani 1956 akina mama saba tu, mji mdogo wa Franklin Park karibu na Chicago, walianza kukutana nyumbani kusaidiana kunyonyesha wakati hospitali zao zilikuwa zinasukuma chupa, leo hiyo La Leche League ipo nchi nyingi sana. Brazil ndo walinifurahisha zaidi, kwenye jimbo la Ceará miaka ya 1990 wapeleka barua wa posta walifundishwa wakawa wanapeleka barua na ujumbe wa kunyonyesha mlangoni, na askari wa zimamoto sehemu mbalimbali za nchi hiyo wanapita majumbani kuchukua maziwa yaliyokamuliwa kuyapeleka benki ya maziwa kwa ajili ya watoto njiti. Zimamoto! Na sisi hatujaanza jana, Iringa kuanzia 1983 vijiji 168 vilikuwa vinapima watoto wao vyenyewe na kamati ya kijiji inakaa kujadili mtoto wa nani amepungua uzito na kwa nini. Kwa hiyo Mtanzania kukaa na jirani yake kujadili lishe ya mtoto si jambo la kuletewa.

Sasa hapa kwetu nani akae kwenye huo umoja? Mimi ningeanza na bibi na mama mkwe, kabla ya mtu mwingine yeyote. Sisi huwa tunawaita wazee kama kikwazo halafu tunashangaa hawatusikilizi. Chukua hili la kubemenda, ambalo huku lina nguvu sana, kwamba baba na mama wakikutana kimwili wakati mtoto ananyonya mtoto atadhoofika, basi wengine wanamwachisha mtoto ziwa mapema ili kuepuka. Maziwa hayaharibiki kwa tendo hilo, hilo lisemwe wazi. Lakini wazee hawakuota tu, waliona mama akipata mimba ya harakaharaka yule mdogo anayenyonya anapungua, na kweli watoto kufuatana karibu kunawaumiza. Ukianzia hapo kwa heshima bibi anakusikiliza, unamwambia bibi ulichokiona ni kweli, dawa yake ni uzazi wa mpango siyo kumnyima mtoto ziwa. Na anayenyonyesha maziwa peke yake usiku na mchana, mtoto hajafika miezi sita na yeye hajaona siku zake, uwezekano wa kushika mimba ni chini ya asilimia 2. Bibi akiyajua hayo yeye ndo atawafundisha vijana chumbani, mimi siwezi kuingia huko.

Halafu masheikh na wachungaji. Ujiji ni mji wa dini tangu enzi, Suratul Baqara aya ya 233 inataja akina mama kunyonyesha miaka miwili kamili, na wataalamu wa afya duniani nao wanasema hivyohivyo, miaka miwili au zaidi pamoja na chakula baada ya ile miezi sita ya mwanzo. Khutba moja ya Ijumaa inafika kwa baba ambao hawajawahi kukanyaga kliniki. Kanisani nako Jumapili vilevile.

Akina baba ni muhimu. Baba akisema "mama usimpe maji mwanangu", mama yake mzazi anamsikiliza kuliko atakavyomsikiliza mkwe wake. Na baba anaweza kubeba maji, kufua nepi, kuhakikisha mama anakula ashibe, mgebuka na ugali na mchicha wa mawese vinatosha kabisa, hakuna chakula cha maajabu. Wapo wanaofanya hivyo kimyakimya, nawapongeza.

Kuna jambo la kazi, na hapa nitakaa kidogo manake Kibirizi ndo maisha yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ni nzuri, mama ana likizo ya uzazi siku 84 zenye malipo, mapacha siku 100, akirudi kazini anaruhusiwa mpaka masaa mawili kwa siku kumnyonyesha mtoto. Lakini hiyo ni kwa aliyeajiriwa. Mwanamke wa mwaloni mwajiri wake ni yeye mwenyewe, vipe, yale mitumbwi ya kuvulia dagaa usiku kwa taa, vikirudi alfajiri lazima awepo apate mzigo, aanike, jua likipanda ageuze, mvua ikitishia akusanye, akichelewa dagaa zimeoza na mkopo wa vikoba uko palepale. Mtoto anaachwa nyumbani na dada yake ambaye naye ni mtoto, na chupa. Huyu ukimwambia miezi sita unamwambia kitu anachokijua na asichoweza kukifanya peke yake.

Anachohitaji ni banda lenye kivuli hapohapo ufukweni, mkeka, maji ya kunawa na sabuni, na mama mmoja wa zamu wa kuangalia watoto wakati wenzie wanaanika, kwa hiyo mtoto anakuja mwaloni na ananyonya kila akitaka. Gharama yake ni ndogo, mabati machache na nguzo. Viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, wapo, wanajua kila kipande cha ufukwe ni cha nani, wakae na wanawake wa dagaa watenge hapo mahali. Na asiyeweza kuja na mtoto afundishwe kukamua kwa mkono kwenye chombo kisafi chenye mfuniko, anayebaki na mtoto ampe kwa kikombe, chupa hazioshwi zikatakata huku kwetu na mtoto akizoea ile chuchu ya plastiki anaweza kulikataa ziwa.

Mikutano nayo ifuate ratiba ya uvuvi. Mara nyingi tunaitwa semina siku ambazo kila mtu yuko mwaloni, wanakuja watu wachache halafu inaandikwa mwitikio mdogo. Watu wa dagaa hapa mwezi ukiwa mpevu vipe havitoki, mwanga unaharibu uvuvi wa taa, siku hizo wanaume wako nyumbani wanashona nyavu na wanawake wana nafasi. Umoja ukutane mbalamwezi kila mwezi, baba na mama wote wapo, hutahitaji gari la matangazo.

Maduka nayo yasiachwe nje. Nchi yetu ina kanuni za kudhibiti matangazo ya maziwa ya kopo tangu 1994, zikaboreshwa 2013, na duniani kuna miongozo ya 1981, lakini nimeshaingia duka fulani makopo yamepangwa mbele na picha ya mtoto kanona na muuzaji anamshauri mama mwenye kichanga kwamba haya yanamaliza kilio. Sidhani muuzaji huyo anazijua hizo kanuni. Umoja ukiwa na mwenye duka la dawa ndani yake, atawaambia wenzie, na mama akija kuulizia kopo ataelekezwa kwanza kwa mama mwenzie wa mtaa. Wapo watoto ambao kwa sababu za kitabibu wanahitaji maziwa hayo, daktari ataamua, na mama huyo asinyooshewe kidole na mtu. Hali kadhalika akina mama wanaoishi na VVU, wakitumia dawa vizuri na mtoto akapewa dawa yake wanashauriwa kunyonyesha maziwa peke yake miezi sita kama wengine, na umoja wowote ambao hauwezi kutunza siri za watu bora usianzishwe.

Hela zipo, si nyingi ila zipo. Halmashauri zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato yake ya ndani, na wakuu wa mikoa wamesaini mikataba ya lishe. Namuomba afisa lishe wetu wa manispaa na madiwani wa Kigoma Ujiji watazame ni kiasi gani kinaenda kwenye mafunzo ya ukumbini na chai, na kiasi gani kinamfikia mama wa wiki ya pili nyumbani kwake. Ninaogopa sana umoja ukigeuka kuwa wa posho na fulana, tumeona vikundi vingi vikifa mradi ukiisha. Akina mama washauri wapewe mafunzo ya kweli ya vitendo pale wodi ya wazazi, washike watoto, waone chuchu zilizopasuka, wapewe namba ya nesi wa kumpigia, na nauli ya bodaboda pale inapolazimu kumpeleka mtu usiku. Na kila mama akiruhusiwa kutoka hospitali jina la mtaa wake limfikie mshauri wa mtaa huo, kama ataridhia, ili aende siku za mwanzoni kabla kijiko cha maji hakijafika. Hilo la kumuunganisha mama na kikundi cha kwao anapotoka wodini liko kwenye zile hatua kumi za hospitali rafiki kwa mtoto ambazo shirika la afya duniani na UNICEF walizitoa tangu 1989, kwa hiyo siombi kitu kipya.

Sisi huku Kibirizi tumeshaongea, wapo mabibi wanaotaka, wapo wanawake wa dagaa, imamu mmoja amekubali, kijana wa bodaboda mwenye mtoto mchanga amesema atakuja na wenzie. Tunakosa sehemu ya kukaa yenye kivuli isiyo mbali na mwalo, na mkunga mmoja atakayekubali kuja mbalamwezi ijayo baada ya alasiri. Mwenye eneo au mkunga aliye tayari aulize ofisi ya serikali ya mtaa, wanajua pa kutupata.

Ni mimi,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii,
Kibirizi, Kigoma.